Fedha za Mbegu

Kilosa, Jumapili, 12 Januari 1997

Leo nimepigiwa makofi Zombo, na sioni aibu kuandika kwamba yamenipendeza. Miaka yote hii ya utabibu nimetumbua majipu, nimeshona vichwa vya walevi, nimezalisha mapacha kwa taa ya chemli, na hakuna aliyewahi kunipigia kofi hata moja. Leo kijiji kizima.

Dokta Makarius amekuja kutoka chuoni Dar es Salaam na mashine ya kupigia picha ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti. Ni ndogo, mtu mmoja anaibeba kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, na inakula umeme wa jenereta. Tunatafuta makovu ya kichocho kwenye ini. Kila picha naisoma mimi hapa Kilosa, na Sista Hildegarda anaisoma kule Mikumi bila kujua nimesema nini. Kisha wenzetu wa ng'ambo wanalinganisha. Picha zikiwa safi na sisi wawili tukiona kitu kimoja, watatoa fedha za utafiti mkubwa na mashine itabaki wilayani. Mwaka jana nilimpoteza mwalimu mmoja aliyetapika damu hadi beseni likajaa, nami nimesimama pembeni na kipimo cha presha, sijui ini lake lilianza kuharibika lini. Mashine hii ingeniambia. Naitaka kuliko ninavyotaka nyumba.

Fedha tulizo nazo sasa ni za kuanzia tu. Dokta Makarius alitaka kuwaeleza wananchi kwa jina lake la Kiingereza, seed money. Nikamkatalia. Nilimwambia Kiswahili kina neno kwa kila kitu, tatizo ni uvivu wetu wasomi. Nikasimama mbele ya ofisi ya kijiji, nikasema: "Ndugu wananchi, hizi ni fedha za mbegu. Mkijitokeza kwa wingi mbegu itaota, na mavuno yatakuwa ya Zombo nzima."

Makofi! Mwenyekiti wa kijiji, mzee Anselmi, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mama mdogo Marselina, mdogo wa marehemu mama yangu, alipiga vigelegele mpaka akapaliwa. Vuli yao haikunyesha hata ya kutuliza vumbi, lakini walicheka wale watu.

16 Januari

Joto. Jenereta limegoma. Hakuna picha.

21 Januari

Tumelaza watu kwenye madawati mawili yaliyounganishwa, nyuma ya kitenge, shule ya msingi Zombo. Kila mmoja anauliza picha yake atapewa lini na kama atatoka akiwa amefunga macho. Mzee mmoja alikuja amevaa koti na tai. Ilibidi avue vyote nimpake ile jeli baridi tumboni, akapiga kelele kama kamwagiwa maji ya kisima.

Picha zenyewe mbaya. Watu wamekunywa uji, matumbo yamejaa hewa, ini halionekani. Walioonekana vizuri ni Waislamu waliofunga. Jana Dokta Makarius kasema, "Ramadhani imetuokoa. Ditram, watangazie wote waje hawajala." Nimetangaza. Wamekubali bila ubishi, na leo wamekuja wameshiba vilevile. Nani atembee kutoka shamba bila kutia kitu tumboni?

29 Januari

Watu wengi mno. Wametoka mpaka Kisanga. Dokta anasema hajawahi kuona kijiji chenye mwamko namna hii. Nimejibu kwamba inategemea unavyozungumza nao.

Jumapili, 2 Februari

Sijui nianzie wapi.

Baada ya misa nilikwenda kwa mama mdogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba yake ndefu, akanichinjia kuku. Nikamgombeza kwa nini anachinja kuku mwaka wa shida kama huu. Akasema mgeni wa heshima halishwi mlenda. Tukakaa jikoni kwake kama nilivyokaa utotoni, moshi machoni, sinia katikati.

Tangu nikiwa mdogo, juu ya mafiga ya mama mdogo kuna mti uliopita ukuta hadi ukuta, na kwenye mti huo hufungwa mahindi ya mbegu. Hufungwa mawilimawili kwa maganda yake na kuachwa yapigwe na moshi mwaka mzima, bungua asiyasogelee. Hayo hayaguswi. Mtoto akiyagusa anachapwa, njaa au hakuna njaa. Leo nimeinua macho nikaona mti mtupu.

"Mama mdogo, mahindi ya mbegu umeyahamishia wapi?"

Akacheka. "Si ndiyo hayo unayokula."

Nikadhani ananitania. "Kweli, yako wapi?"

"Nimeyasaga, mwanangu. Tumeyasaga wengi. Ya nini kung'ang'ania haya ya moshi, na wewe unatuletea ya dukani? Ehe, hebu nisaidie, maana tunabishana na Anselmi. Yeye anasema ni mbegu aina ya Kilima. Mimi nimesema ni Staha, Ditram kazaliwa huku, hawezi kutuletea mahindi ya milimani."

Tonge lilikuwa mkononi. Nilikuwa nimeshalichovya kwenye mchuzi. Nililitazama, halafu nikalitia mdomoni na kutafuna, kwa sababu nilipokuwa natafuna nilikuwa na sababu ya kutojibu.

"Usiniambie basi, kama ni siri ya ofisi," akasema. "Ila zije kabla ya masika."

Nikala nikamaliza. Hilo ndilo nililofanya. Nilikula mbegu ya mama mdogo nikanawa mikono, nikamwambia asante, nikapanda baiskeli.

Njiani ndipo nikaelewa yale makofi. Zamani bwana shamba alikuwa anakuja na lori la mbegu za mkopo. Ushirika umekufa, kila kitu sasa soko huria, mbegu iko dukani na mwenye hela ndiye mkulima. Miaka hii yote wanangoja lile lori. Akaja mtu wa serikali, tena mtoto wao, akasimama mahali palepale aliposimama bwana shamba akasema mbegu. Walitaka wasikie nini kingine?

Na neno lilikuwepo! Mtaji. Fedha za mtaji. Kila muuza nyanya wa Kimamba analijua. Nililidharau kwa sababu ni la sokoni.

3 Februari

Nitawaambia Jumatano.

5 Februari

Leo Jumatano. Watu walikuwa wengi, sikupata nafasi.

8 Februari, Mikumi

Nimepanda lori la mkaa kupeleka picha kwa Sista Hildegarda. Ni mwanamke mkavu, hacheki ovyo, na anasoma picha vizuri kuliko mimi ingawa sijamwambia. Nilimweleza yote tukiwa kwenye kibaraza cha zahanati, magari ya Zambia yanatupita.

"Basi waambie," akasema, kama mtu anayemwambia mgonjwa atoe ulimi.

"Wakiacha kuja?"

"Watakuja wachache."

"Wachache hawatoshi, Sista."

"Hawatoshi nini?"

Nikamwambia utafiti. Nikamwambia mashine, nikamwambia yule mwalimu na beseni la damu. Nilisema kweli tupu na kila neno lilinitoka kama uongo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaifunga bahasha ya picha, akasema masika hayatamsubiri mtu amalize hotuba.

Jumapili, 16 Februari

Kwaresima imeanza. Padri kahubiri kuhusu ulimi. Nilitazama sakafu.

Mzee Anselmi alinikuta nje ya kanisa. Alikuja peke yake, kwa adabu, akanivuta pembeni. "Daktari, samahani kwa kuuliza. Zile mbegu zimefika wapi?"

Hapa ndipo mahali pa kusema. Palikuwa na kivuli, hapakuwa na watu, na mzee mwenyewe alikuwa ananiuliza.

Nikasema, "Hazijafika bado, mzee."

Kumbe uongo ni mwepesi hivyo. Mpaka jana nilikuwa mtu aliyekosea neno. Leo ni kitu kingine, na Kiswahili kina neno kwa kila kitu.

22 Februari

Mzunguko wa kwanza umekwisha. Dokta Makarius kanunua soda. Vidonge vya kichocho vimekwama Dar, vitakuja na mzunguko wa pili.

27 Februari

Mawingu yamekaa mlimani tangu asubuhi. Mtaani kila mtu anayatazama kwa furaha. Mimi nayatazama kama mdaiwa anavyotazama mlango.

4 Machi

Imenyesha. Usiku kucha.

5 Machi

Asubuhi nilisikia kengele za baiskeli uani. Nikafungua mlango. Mzee Anselmi na wanaume wanne wa Zombo, wameloa matope mpaka magotini, na nyuma ya kila baiskeli kuna magunia matupu yaliyokunjwa na kufungwa kwa mpira.

"Tumeona tusikusumbue gari," akasema mzee. "Tumekuja kuzibeba wenyewe."

Walikuwa wanatabasamu. Walikuwa wametoka alfajiri.

Niliwapa chai. Sikuweza kuwaambia peke yao. Nikasema twendeni Zombo, nataka kuongea na wote. Katikati ya njia mzee Anselmi aliacha kupiga soga, na nadhani alishajua.

Tukawapita watu mashambani. Mvua ya kwanza, udongo unanukia, wanachimba mashimo kwa mistari iliyonyooka. Wanachimba tu. Hakuna aliyekuwa akitupia kitu ndani.

Kengele ikagongwa, wakakusanyika palepale mbele ya ofisi. Nilisema hivi, naandika ili nisije nikajipunguzia: "Fedha za mbegu maana yake si mbegu za kupanda. Ni fedha za kuanzia utafiti. Mimi ndiye niliyetafuta jina hilo. Hakuna mbegu zinazokuja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mama mmoja alimuuliza mwenzake kwa Kisagara nimesema nini, mwenzake akamwambia, na yule mama akakaa chini pale pale kwenye matope.

Mzee Anselmi akasimama. "Daktari, nilikuuliza nje ya kanisa. Ulinijibu hazijafika."

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mama mdogo Marselina kapita mbele, khanga kaikaza kiunoni.

"Mwacheni huyo. Kosa ni langu. Aliniambia mapema, alipokuja kula kwangu. Aliniambia si mbegu za kupanda, niwaeleze. Mimi nikaona aibu kwa vile nilishawatangazia, nikanyamaza. Hapo kanisani alidhani mnajua, alidhani Anselmi anamtania."

Alisema kwa sauti kavu, bila kunitazama. Watu wote wakamgeukia. Niliona nyuso zilivyobadilika. Mtu wa serikali akikudanganya ni jambo la kawaida, unalala nalo. Jirani ni kitu kingine.

Ningeweza kusema, "Hapana, mama mdogo." Ni maneno matatu. Nilikuwa nayo mdomoni, yamekaa pale pale lilipokaa lile tonge. Nikayatafuna.

Alipopita karibu yangu akanong'ona, "Wewe una kazi, mwanangu. Mimi nina nini cha kufukuzwa?"

6 Machi

Mvua. Sikwenda kazini. Nimesema naumwa tumbo.

12 Machi

Zombo, waliobakiza mbegu wamegawana na wasionazo, vikombe kwa vikombe. Kwa mama mdogo hawakufika. Nimesikia kwa dereva. Wanampita njiani bila salamu, watoto wadogo hawamwamkii. Kwao, mtoto asiyetoa shikamoo kwa mtu mzima ametumwa.

15 Machi

Nimechukua posho yangu yote ya utafiti nikanunua mbegu kwa mfanyabiashara wa Kimamba. Mfuko haukujaa. Jana nilimpelekea mama mdogo baada ya jua kuzama ili nisionekane, nikajiona nilivyo.

Alitia mkono kwenye ule mfuko, akazichezeachezea zile punje zenye dawa nyekundu. "Staha," akasema. "Nilimwambia Anselmi." Akacheka peke yake.

Leo asubuhi, nimeambiwa, alizunguka na ungo nyumba hadi nyumba. Kila mlango aliweka kikombe, akasema, "Hizi ametuma Ditram, zile mbegu alizosema." Wengine walichukua bila kumjibu. Kwake alibakiza za kupanda mistari michache nyuma ya choo.

Nilirudi kwake nikamfokea. Sijawahi kumfokea tangu nizaliwe. Nilimwambia zilikuwa zako, nilikuletea wewe!

"Uliahidi kijiji," akasema. "Mimi hukuniahidi kitu."

28 Machi, Ijumaa Kuu

Sikwenda kupokea komunyo.

10 Aprili

Mvua imekata. Waliopanda na ile ya kwanza, mahindi yamefika kiunoni. Yaliyopandwa baada ya kikombe cha mama mdogo yako magotini na yamesokota majani. Dokta Makarius kaandika kutoka Dar: wenzetu wa ng'ambo wamezikataa karibu picha zote za Januari na Februari. Matumbo yamejaa chakula, hakuna kinachosomeka. Turudie Mei.

Nimeisoma barua mara nyingi. Nilinyamaza kwa ajili ya picha zisizo na kazi.

25 Aprili

Jua. Naambiwa Zombo wanachimba mizizi ya porini, ile inayolowekwa siku tatu ndipo iliwe.

Jumamosi, 17 Mei

Mzunguko wa pili, shule ya msingi Zombo. Nilidhani madawati yatakaa matupu. Walikuja wote. Vidonge vimefika, na mama mdogo, wanayemkwepa, alipita tena kila mlango akiwahimiza. Walisimama foleni. Hakuna aliyeuliza habari ya picha yake. Yule mzee wa tai hakuvaa tai, na alipovua shati nilihesabu mbavu zake bila kutaka.

Dokta Makarius akaweka kile kichwa cha mashine tumboni kwa mtu wa kwanza akashangaa. Kwa wa pili akaita, "Ditram, njoo uone!" Ini limekaa peupe, kingo zote, mishipa yote, makovu yakiwepo unayaona kama barabara kwenye ramani. Kifuko cha nyongo kimejaa pomoni. Kifuko hicho hujaa hivyo mtu asipokula. Chakula kikiingia, kinajimwaga. Wa tatu hivyohivyo, wa kumi hivyohivyo, watoto hivyohivyo. Januari tuliwabembeleza wasile, hawakutusikia.

"Hii ndiyo naiita nidhamu," akasema dokta. Alifurahi kwa moyo mweupe, si mtu mbaya, anakula na kulala Dar. "Hata Ramadhani hatukupata picha kama hizi. Uliwafundishaje?"

Aliyekuwa amelala kwenye madawati wakati huo ni mama mdogo. Kichwa cha mashine kilikuwa mkononi mwangu. Tumbo lake lilikuwa limebonyea chini ya mbavu, jeli ikajikusanya pale kama maji kwenye jiwe la kusagia, na kwenye kioo nikaona nyongo yake imejaa, inangoja kitu cha kusaga. Na ini lake lina makovu. Niliyaona wazi.

Nikafungua mdomo, tena.

"Alituambia tusile, daktari," akasema mama mdogo kwa adabu zote. "Tukamtii."

30 Mei

Simu ya upepo kutoka Dar. Picha za Zombo zimesomwa Mikumi, zimesomwa ng'ambo, mimi na Sista Hildegarda tumekubaliana karibu zote. Wamesema hawajapata picha safi kiasi hiki kutoka vijijini. Fedha za utafiti mkubwa zimepita. Mashine inabaki. Dokta Makarius alipiga kelele mpaka redio ikakoroma: "Mbegu imeota, Ditram! Lile neno lako, nimeliandika kwenye ripoti!"

Baadaye nikapata ujumbe wa Sista Hildegarda, umeletwa na dereva kwa mdomo. Kasema tu, "Muulize Ditram, wale watu wa Zombo walifunga, au walikosa chakula?"

Jumamosi, 31 Mei

Leo nimekwenda Zombo mchana kweupe. Nilimwita mzee Anselmi, nikamwomba aite na wengine, nikawaambia kwamba mama mdogo hakujua chochote. Alinifichia. Nilidanganya mimi, nje ya kanisa, na nikamwacha abebe. Mzee Anselmi alitazama mahindi yake, yale mazuri, ya mvua ya kwanza. Akasema, "Tulikuwa tunajua, daktari. Marselina hajui kudanganya. Lakini tungekuchukia wewe, nani angetuletea vidonge?"

Kisha akaita mjukuu wake, akamwambia apeleke debe la mahindi mabichi kwa bibi Marselina, na asisahau kumwamkia.

Nilifika kwake kabla ya debe. Alikuwa amekaa kizingitini juani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, fupi sasa, pumzi hazitoshi kwa ile ndefu. Nikamuuliza vile vidonge vya kichocho vilimfanyaje, maana watu wengine vinawapa kizunguzungu.

Akafungua pindo la khanga yake. Vilikuwa humo vyote, vimefungwa kwa fundo, vimeanza kuchubuka kwa jasho.

"Mama mdogo! Wiki mbili! Mbona hukumeza?"

"Ulisema vimezwe baada ya chakula, mwanangu," akasema. "Nangoja."